Mbeleko ya Mwajabu

Posa ilipofika kwenye mbeleko, ile kanga anayopewa mama kwa kumbeba bibi harusi mgongoni utotoni, mshenga aliuliza amkabidhi nani. Mama yake Mwajabu alifariki siku aliyomzaa.

"Lete kwangu," shangazi alisema.

"Shangazi, niwie radhi," sauti ya Mwajabu ilitoka nyuma ya pazia la chumbani. "Hiyo ni ya baba."

Baba yake, Mzee Tindwa, fundi baiskeli, aliinamisha uso. Enzi zile watu walimcheka, mwanamume mzima anaziba pancha na mtoto mgongoni. Hakuwajali. Mwajabu akisinzia, mate yake yalimlowesha shati katikati ya mabega, na Mzee alichelewa makusudi kumshusha.

Shangazi aliichukua kanga, akaenda kumwekea kakake mapajani.

Mzee alisimama. Bila kufikiri, aliizungusha mgongoni, akaipitisha chini ya kwapa, akaivusha juu ya bega la pili na kufunga fundo kifuani. Mikono haikuwa imesahau. Kisha akainama kidogo, viganja nyuma, kama anayesubiri mtu apande.

Pazia likasogea.