Kubebwa kwa Mheshimiwa

Walimtoa nyumbani na soksi moja mguuni. Ya pili alikuwa ameishika mkononi. Akaipunga kama bendera, na umati ukazidi kushangilia.

"Polepole, jamani, mimi si gunia!" Mheshimiwa alisema akicheka, huku akiinuliwa mabegani. Kura zilikuwa zimepigwa jana yake. Hakuwa hata amefungua redio. Mtu anayebebwa hivi anataka redio ya nini?

Chini ya paja lake la kulia alikuwa mwenye bucha, mtu mwenye shingo nene. "Kaa vizuri, Mheshimiwa," alisema akihema. "Miaka yote hii umetubeba wewe. Leo ni zamu yetu."

Mheshimiwa akajifuta chozi kwa ile soksi.

Haya yote yalianza na vitunguu. Alivilima kwenye kipande cha mteremko alichoachiwa na baba yake, akavipeleka sokoni kwa baiskeli, mpaka akanunua lori kuukuu lililokuwa haliwaki bila kusukumwa. Baadaye akajenga ghala, akawa ananunua na vya majirani, kwa mizani isiyodanganya. Mwaka ule mvua ilipokata barabara, wafanyabiashara wengine walijifungia mjini. Yeye alikunja suruali, akavuka tope na magunia ya vitunguu kichwani, akarudi na unga na dawa. Watu wakasema: huyu ndiye. Wakampeleka bungeni.

Huko akakutana na kipaza sauti.

Siku ya kwanza alisimama kuuliza choo kiko wapi, akasikia sauti yake ikizunguka ukumbi mzima na kumrudia imenenepa. Tangu hapo kumkalisha chini ikawa kazi. Alitoa hoja kwamba mwananchi anayelia kwa kukata kitunguu ahesabiwe kuwa amelia kwa furaha. Hoja ilianguka kwa kura moja tu, kwa sababu aliyeahidi kumuunga mkono alikuwa amelala.

Akanunua kipaza sauti chake mwenyewe, cha betri, akaja nacho nyumbani. Mezani alikitumia kuomba chumvi. Mkewe, aliyezoea kuitwa mama watoto, akaanza kuitwa "ndugu mwananchi," tena kwa mwangwi. Na kwenye mazishi Mheshimiwa alihutubia mpaka wachimba kaburi wakasinzia na jeneza likatafutiwa kivuli.

Maendeleo alileta, hilo halina ubishi. Shule, zahanati, kisima, josho la ng'ombe: vyote alivijenga, na vyote akavipa jina lake. Kuna mama alishikwa na uchungu, shemeji yake akamwambia dereva, "Upesi, kwa Mheshimiwa!" Mtoto akazaliwa joshoni, ng'ombe wakitazama. Mheshimiwa alifurahi sana. Mtoto naye akapewa jina lilelile.

Sasa umati ulipita ghala la vitunguu, ukapita soko. Wachuuzi waliacha meza zao wakafuata. Mwalimu mkuu alifungulia shule nzima. Fundi cherehani alitoka na futi shingoni, akajiunga na kucheza. Hata wale waliomtukana Mheshimiwa kwenye kampeni walikuwepo, wakigombania kushika angalau kisigino chake.

"Mbona tunapita ofisi yangu?" Mheshimiwa aliuliza.

"Ofisini padogo," mwenye bucha alimjibu. "Tunakupeleka penye nafasi."

"Kweli. Watu wote hawa hawaenei pale. Ndugu mwananchi! Niletee kipaza sauti!"

Mkewe alikuwa akitembea pembeni, amevaa gauni la sherehe na viatu vya visigino, uso unang'aa kama wa bi harusi. "Betri imeisha, baba watoto," alisema. "Leo wewe pumzika tu."

Mheshimiwa akamwona anafuta macho.

"Unalia?"

"Ni furaha. Si wewe ulitaka ihesabiwe hivyo?"

Mheshimiwa alihisi kifua kimemjaa. Bila kipaza sauti sauti yake ilikuwa nyembamba, kama ya mtu mwingine, lakini hakuweza kujizuia. Aliinua mkono, umati ukatulia.

"Ndugu zangu! Niambieni ukweli! Nimewatosha, sijawatosha?"

"Umetutosha!" walijibu kwa sauti moja, mpaka kuku wakaruka uani. "Umetutosha kabisa!"

"Basi twendeni!"

Wakaenda. Barabara iliteremka hadi mtoni, kwenye daraja linalotenganisha jimbo lake na la jirani. Ng'ambo vumbi lilikuwa linatimka. Umati mwingine ulikuwa unakuja, filimbi mbele, na juu ya mabega ameketi mbunge wa jirani na tai yake nyekundu, akipunga mikono yote miwili.

"Lahaula! Hata majirani wamekuja kunipongeza!" Mheshimiwa akatanua mikono. "Karibuni! Karibuni sana!"

"Asanteni kwa kunipokea!" mwenzake alimjibu kutoka mabegani mwa watu wake.

Makundi mawili yakakutana katikati ya daraja. Yakawatua waheshimiwa taratibu, uso kwa uso, yakawanyoosha makoti, kisha kila kundi likageuka na kutimua mbio kurudi kwao. Upande wa Mheshimiwa, aliyekuwa mbele ya wote, viatu mkononi, alikuwa mkewe.