Kalandra Mbili

“Sikiliza,” alisema Fulgenzio, akafunga mlango wa gari lake.

“Sisikii kitu,” alijibu Mama Ersilia.

“Ndiyo maana yake! Ukiwa humo ndani, hata radi ipige nje, huna habari. Kiti kinakupasha joto mgongoni, tena kinakukanda. Hiyo ndiyo Kalandra mpya, mama. Siyo ile ya marehemu mumeo, ambayo ilikuwa ikipita hapa kuku wanaacha kutaga.”

Mama Ersilia alijishika kiuno. Baridi ya milima ile ilikuwa imemkaa mgongoni tangu Novemba. Akachungulia kile kiti cha ngozi, akaguna.

Fulgenzio alikuwa tajiri wa vigae kutoka mji wa bondeni. Kila Jumapili alipanda mpaka kijiji cha Roccamora, akanywa kahawa jikoni kwa mjane huyo, kisha akaomba auziwe ile Kalandra kuukuu, nyekundu, iliyolala ghalani chini ya turubai. Bei aliyotaja ilikuwa ya kununulia baiskeli. Alichokificha ni kwamba wapenzi wa magari ya zamani wangeigombea kwa bei kubwa kuliko hiyo mpya aliyokuja nayo. Aliamini mama yule hajui.

“Kwanza hata haitembei siku hizi,” alisema. “Itaozea humo humo.”

“Nani kasema haitembei?” Mama Ersilia akakunja mikono. “Jumapili ijayo tukutane kule juu, kwenye kanisa dogo. Tushuke mpaka hapa uwanjani. Ukitangulia wewe, nakuuzia kwa hiyo bei yako ya aibu. Nikitangulia mimi, tunabadilishana, gari kwa gari.”

Fulgenzio nusura acheke. Akishinda amepata, akishindwa amepata.

“Mbona kushuka, mama? Mbio za kweli ni za kupanda.”

“Kupanda ni kazi ya punda. Dereva hujulikana mteremkoni.”

Jumapili ikafika. Misa ilipokwisha, kijiji kizima kilijipanga uwanjani. Fulgenzio alipofika juu aliikuta Kalandra nyekundu imeshatangulia, imesuguliwa mpaka inang’aa, pua imeelekea bondeni. Mama Ersilia alikuwa kwenye usukani, amevaa glavu za mumewe. Kando yake jirani yake, Nullo, ameegemea trekta lake akitafuna mkate na soseji ya mortadela.

“Umewahi, mama!”

“Wenye mgongo mbovu huamka mapema.”

Nullo akaangusha kofia chini. Hiyo ndiyo ilikuwa ishara.

Kalandra mpya ilichomoka kama chui. Ile kuukuu ikajivuta polepole, kama aliyelazimishwa kwenda shule. Mpaka kona ya kwanza Fulgenzio alikuwa peke yake barabarani, vioo amevipandisha, muziki unambembeleza. Akatazama kioo cha nyuma, akacheka.

Akatazama tena. Ile nukta nyekundu ilikuwa inakua.

Kwenye kona iliyofuata kulikuwa na kondoo wanakula majani pembeni. Gari likawaona kabla yake, likajifunga breki lenyewe. “Tahadhari,” ilisema sauti laini ya kike.

“Nyamaza wewe! Twende!”

“Tahadhari,” ilirudia.

Kalandra nyekundu ikapenya kati yake na ukuta wa mawe, nafasi ambayo mtu mnene angepita ubavu. Mama Ersilia akampungia mkono.

Fulgenzio akamkimbiza kwa hasira. Angemfikia, lakini mbele kulikuwa na daraja la zamani, lililojengwa enzi za mikokoteni, na Kalandra mpya ilikuwa na makalio mapana. Ikakunja vioo vyake vya pembeni yenyewe, kama masikio, ikaanza kulia pii, pii, pii, ikatambaa kama bibi harusi anayeogopa kukanyaga gauni. Alipotokea ng’ambo aliona mkia mwekundu ukipotelea kwenye lango la kijiji.

Uwanjani watu walikuwa wanarusha kofia. Wazee wawili walikuwa wanalia. Gari jekundu lilisimama kando ya chemchemi, linanuka moto, na mama yule anavua glavu taratibu, kidole kwa kidole.

Fulgenzio alimeza uchungu wake. Kisha akakumbuka hesabu zake, akauvaa uso wa msibani.

“Umenishinda, mama. Ahadi ni deni. Chukua langu.”

“Hutaki kufungua boneti kwanza ukaangalia?” Mama Ersilia alipaza sauti, kila mtu akasikia. “Isije kesho ikasemwa mjane kamdanganya mtu.”

Fulgenzio akawaangalia watu wale. Kukagua ni kuchelewa, na ukichelewa, mjuaji mmoja hakosi kutaja bei ya mnadani.

“Nikukague wewe, mama? Nitakuwa sina adabu. Si nimeiona kwa macho yangu ikinipita?”

“Mmemsikia, jamani?”

“Tumemsikia!” waliitika kwa pamoja.

Wakapeana funguo, wakapeana mikono. Mama Ersilia akaketi kwenye ngozi ile laini, akabonyeza kitufe cha joto, akafumba macho, akashusha pumzi ndefu ya mtu aliyefika mbinguni bila kufa. Kisha akaondoka kwenda kumsalimia dada yake pwani.

Fulgenzio alisubiri atoweke langoni, ndipo akacheka mpaka machozi yakamtoka. Masikini mama wa watu! Akajitupa ndani ya Kalandra kuukuu, akapapasa usukani kama anapapasa shavu la mtoto, akazungusha ufunguo.

Kimya.

Akazungusha tena. Hata kikohozi hakikutoka. Watu waliokuwa wakishangilia sasa walikuwa wametulia tuli, kila mmoja anatazama viatu vyake.

Fulgenzio akashuka, akafungua boneti. Mahali pa injini palikuwa na magunia ya viazi, yamekazwa kwa kamba pande zote, yasiyumbe kwenye kona.