Bangili ya Joto

Katika maghorofa ya zamani ya Njombe, kila bomba la joto lilihudumia nyumba mbili, ya juu na ya chini, na lilifuata mwili wa mpangaji mmoja tu: yule aliyevishwa bangili ya mwaka. Akitetemeka, bomba linawaka. Akitoka jasho, linazimwa.

Mwaka jana bangili ilikuwa ya Mzee Mligo wa chini. Alivaa makoti matatu na kujisifu anaokoa umeme wa taifa, huku juu mama yake Sekela akikohoa, hadi Julai ikaondoka naye.

"Si ungemvalisha soksi, binti," mzee alisema msibani.

Mwaka huu bangili ikamwangukia Sekela. Alivaa makoti manne, akakaa jikoni kama gunia la viazi, akitoka jasho kwa raha zake.

Mzee akagonga bomba. "Sekela mwanangu, tunaganda huku!"

"Vaa soksi, baba!"

Siku tatu aligonga, na kila alipogonga Sekela aliongeza shali. Siku ya nne bomba likanyamaza. Sekela akaligonga kwa kidole, kisha kwa mwiko. Kimya. Ndipo akaanza kufungua vifungo, vidole vikiteleza kwa jasho, akiiomba baridi impate haraka.