Herini ya Bi Sheikha

Bi Sheikha alikuwa amelala kifudifudi, kichwa uvunguni mwa kitanda cha mjukuu wake, miguu nje, akimchagulia mjukuu huyo huyo zawadi ya siku ya kuzaliwa.

Wazimu haukumshika. Alikuwa na sababu, tena nzito. Yumna alikuwa anatimiza miaka saba na hapakuwa na kitu cha kuchezea asichokuwa nacho. Mwaka uliopita Bi Sheikha alizunguka maduka ya mtaa wa Biashara mpaka kanda za ndara zikakatika, akarudi na mwanasesere wa nywele ndefu. Yumna akamfungua mbele ya watu wote na kusema, "Ninaye huyu, nyanya. Ninao watatu."

Watu walicheka. Na kipande cha kwanza cha keki, ambacho Yumna humlisha kwa mkono wake yule aliyemfurahisha zaidi kwa zawadi, kikaingia kinywani mwa Bi Mahfudha, nyanyake wa upande wa mama. Huo ulikuwa mwaka wa pili mfululizo. Bi Mahfudha alikitafuna taratibu, macho kwa Bi Sheikha, utadhani keki ile ilikuwa na mifupa.

Roho ilimuuma Bi Sheikha mwaka mzima. Mwishowe akapata akili. Dukani hakuna kitu Yumna asichonacho, lakini uvunguni vimejaa tele alivyosahau kama anavyo, maboksi juu ya maboksi, mengine hata hayajafunguliwa. Achukue kimoja, akifunge upya, nani atajua?

"Watafutani, nyanya?"

Bi Sheikha aligonga kichwa kwenye mbao za kitanda. Yumna alikuwa amesimama mlangoni, akitafuna kachiri za viazi kutoka kwenye pakiti.

"Herini yangu, mwanangu. Imeanguka."

"Ah! Herini huanguka sana hapo," alisema Yumna, wala hakushangaa. Akaweka kachiri zake chini, akaingia uvunguni mzimamzima, akapekuapekua huko, kisha akatoka na vumbi puani. "Sijaiona. Hebu tafuta wewe tena." Akaenda zake.

Bi Sheikha alimshukuru Mungu kwa kumpa mjukuu asiyedadisi. Alipoinama tena, macho yake yakamwangukia bata wa manjano ndani ya boksi lake, pale ukingoni kabisa, karibu na mguu wa kitanda. Vipi hakumwona mwanzo? Hakuwa na muda wa kujiuliza. Alimchukua, akamficha ndani ya buibui, akaanza kushuka ngazi.

Ngazi za nyumba za Kibokoni zimesimama wima, na bata yule alitengenezwa alie kila akitikiswa. Bi Sheikha akitia mguu, kwaa! Akitia mwingine, kwaa! Chini akakutana na Swafia, mkewe mwanawe.

"Mama, ni nini hicho?"

"Tumbo, mwanangu. Biriani ya jana."

"Pole. Nikutengezee chai ya tangawizi?"

"Usijisumbue." Kwaa!

Nyumbani kwake alimfunga bata kwa karatasi ya kumeremeta. Boksi lilinuka dawa ya mende, basi akalifukiza udi, akalifukiza tena, hadi likanukia kama bibi harusi.

Siku ya sherehe sebule ilijaa watu na harufu ya udi. Kila zawadi pale mezani ilinukia. Bi Sheikha hakuona ajabu, maana nyumba ya wastaarabu lazima inukie. Kilichomfurahisha ni kwamba hata furushi la Odera lilinukia. Huyu Odera alifanya kazi bandarini pamoja na mwanawe, na wiki ile alikuja kuwatengenezea feni ya chumba cha mtoto. Watu wa bara nao wameanza kushika adabu za pwani, aliwaza Bi Sheikha.

Yumna akaanza kufungua. Garimoshi la Odera alilisemea asante. Ngoma ya Bi Mahfudha aliisemea asante. Bi Sheikha alikuwa anaomba dua kimoyomoyo karatasi ya kumeremeta ilipochanwa.

"Bata!" Yumna aliruka juu, akamkumbatia, akambusu mdomo. "Bata wangu! Asante, nyanya!"

Kipande cha kwanza cha keki kikaja moja kwa moja kinywani mwa Bi Sheikha. Machozi yalimlenga. Alikitafuna taratibu, macho kwa Bi Mahfudha, naye pia akakuta kina mifupa.

Wageni walipoondoka, Yumna akamwomba amsaidie kurudisha vitu chumbani. Bi Sheikha, bado amejaa furaha, akapiga magoti kuvisukuma uvunguni, na hapo akaganda. Palikuwa peupe. Hapakuwa na boksi hata moja, vumbi tu.

"Yumna! Vitu vyako vyote vimekwenda wapi?"

"Si hivi hapa, nyanya?" Yumna alianza kusukuma garimoshi, kisha ngoma, kisha vingine vyote. "Nyanya Mahfudha alipoteza herini. Mama mdogo naye akapoteza. Hata Anko Odera alipoteza herini yake."

Vyote vilipokwisha kuingia, akamchukua bata, akampangusa vumbi, akamweka pale ukingoni, karibu na mguu wa kitanda.

"Wako namweka hapa hapa tena, nyanya. Huko ndani magoti yako hayawezi."