Nguo Nyeupe ya Bi Mwanakheri

Siku hizi mtu haruhusiwi nguo zaidi ya kumi na mbili, na isiyovaliwa mwaka mzima kabati huichukua ikasagwe. Bi Mwanakheri hakuona tabu, mpaka asubuhi moja kabati lilipomwambia kwa adabu, "Bibi, ile nyeupe ya chini hujaivaa. Ivae leo, au tuichukue."

"Mlaaniwa wee! Hiyo ni sanda yangu! Marehemu mume wangu aliichovya Zamzam kwa mkono wake, huko Makka!"

"Mama, kabati litaijuaje sanda?" alisema bintiye, Rukia. "Ivae kidogo tu, yaishe."

Basi Bi Mwanakheri akajifunga sanda yake, akakaa mbele ya kabati akichambua mchele. Rukia akampa mgongo, asimwone.

"Umependeza, bibi," likasema kabati.