Bendi ya Chumba cha Nne

Siku ya wazazi, wasichana watatu wa chumba cha nne bwenini walikuwa nyuma ya pazia wakingoja bendi yao iitwe. Nyamizi alikuwa mwimbaji, Tausi alishika gitaa, na Kabula alikaa kwenye ngoma.

Mwalimu akatangaza ukumbini kwamba wimbo unaofuata umetungwa na Nyamizi. Maneno yote yalikuwa ya Kabula.

"Umemwambia hivyo?" Kabula aliuliza.

"Alitaka jina moja tu," Nyamizi alijibu. "Nikampa langu."

Kabula aliinuka, akamchapa mdomoni kwa kijiti cha ngoma. Nyamizi akaanguka kwa magoti. Kabla hajajikinga akapigwa tena, palepale. Tausi alimshika Kabula kwa nyuma, lakini kiwiko kilimwingia tumboni, akamwachia.

Nyamizi alitema jino kiganjani, akalitazama, akalitia mfukoni mwa sketi.

"Kaa upige," alisema, midomo ikiwa imeanza kuvimba. "Ukitaka kuniua, uniue tukimaliza."

Pazia likafunguka. Kabula alirudi kwenye ngoma, akaanza kupiga. Nyamizi akashika maikrofoni na kufumbua kinywa, na damu ikamchuruzika hadi kwenye kola nyeupe ya shati. Wanafunzi wakashangilia, wakidhani ni sehemu ya onyesho.

Katika safu ya mbele, mama yake Nyamizi aliacha kupiga makofi. Aliinama, akavua viatu vyake taratibu, akasimama kuelekea jukwaani.