Nyumba ya Ukoga

Katika msitu wa mlimani, hapakuwa na ndege mbishi kama Chozi. Kila asubuhi alibandua kuvumwani, vile vijani vya kijivu vinavyoota kwenye magome ya miti, akavibandika juu ya kiota chake kwa nyuzi za buibui. Mvua ikivibandua, alianza upya.

Jirani yake Kwera, fundi wa kusuka, alimcheka. "Mama Chozi, unapaka nyumba ukoga! Njoo uone yangu inavyong'aa."

"Yako nimeiona, mwenzangu," alijibu Chozi. "Niache nimalize yangu."

Hata makinda walipoanguliwa, hakuacha kubandika.

Siku moja Mwewe alitua kwenye mti wao. Kwera akawahi kusema, "Bwana mkubwa, wanangu wamekonda. Nenda kwa Chozi, tawi lile pale, kuna makinda wanono!"

Mwewe akalikagua tawi lote. Chozi na wanawe walijibana kimya, asitikisike hata mmoja.

"Pale naona gome lenye ukoga," alisema Mwewe, akimgeukia Kwera. "Nyumba ninayoiona hapa ni moja tu, nayo inang'aa."